Kuketi na Kuhesabu Gharama: Neno kwa Vijana Wetu Wanaotaka Kusoma Ng'ambo

Wapendwa katika Kristo,

 

Kila mwaka mikorosho inapotoa maua, vijana wetu walio vyuo vikuu hurudi nyumbani kwa likizo, na ofisi ya mtaa hupata wageni. Huyu ataka cheti cha ubatizo, yule ataka barua ya padre, mwingine ataka shauri tu. Mwaka huu swali lao limekuwa moja: "Padre, nimepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Niende?" Na kijana akisha kuondoka, mara nyingi jioni, wazazi wake nao huja, wakasema kwa sauti ya chini: "Padre, tuuze shamba?"

Maswali haya mawili ni swali moja. Kwa hiyo sisi makasisi wenu, baada ya kushauriana na wazee wa kanisa, tumeona afadhali tusimjibu kila mtu mlangoni peke yake, bali tuyaseme hapa gazetini, ili kijana na mzazi wayasome pamoja, meza moja, taa moja.

Neno tunalolishika ni lile la Injili ya Luka, sura ya 14, kuanzia mstari wa 28. Bwana wetu anatoa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara. Mwenye busara huanza kwa kuketi na kupiga hesabu: ninazo fedha kiasi gani, na kazi hii itakula kiasi gani? Asiye na busara huweka msingi kwa shangwe, kisha mawe humwishia, mnara hubaki umefika kiunoni, na wapitao njiani humcheka.

Tuangalie vema. Bwana hakusema kwamba mnara ni kitu kibaya. Wala hakumkataza mtu kujenga. Alimtaka aketi kwanza. Basi nasi hatuwaambii vijana wetu wasiende. Twawaambia: keti kwanza, mwanetu, na wazazi wako waketi nawe.

HESABU YA KWANZA: KWA NINI UENDE?

Kanisa letu halikuogopa bahari tangu mwanzo. Sisi Waanglikana wa Kusini tuna sababu ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu mmoja aliyevuka bahari kwenda kusoma. Cecil Majaliwa alitekwa utumwani akiwa mtoto. Akakombolewa, akalelewa na Misheni ya UMCA huko Unguja, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Aliporudi aliwekwa shemasi mwaka 1886, akaja huku kwetu, Chitangali, kuwahudumia Wayao. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile kuupata.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1958, chuo kile kile cha Canterbury kilimpokea Janani Luwum wa Uganda. Alikwenda tena Uingereza mwaka 1963, akasoma London mpaka 1965. Mara zote mbili alirudi kwao. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu, na mwezi Februari 1977 akauawa katika utawala wa Idi Amin, kwa kuwa hakukubali kunyamaza watu walipokuwa wakionewa.

Watu hawa wawili, mmoja aliyezaliwa zama za utumwa na mwingine zama za wakoloni, walikuwa na jambo moja sawa. Kila mmoja alijua amekwenda kutafuta nini, na alijua ni nani waliokuwa wakimngoja.

Basi, mwanetu, jiulize hivyo. Je, unakwenda kwa sababu somo unalolitaka halifundishwi hapa, au linafundishwa huko vizuri zaidi? Hiyo ni sababu njema. Je, unakwenda kwa sababu umepata ufadhili wa kweli? Hiyo nayo ni sababu njema. Au unakwenda kwa sababu rafiki yako amekwenda, na picha yake amesimama kwenye theluji imekunyima usingizi? Au unakikimbia chuo ulicho nacho, kwa kuwa mtihani wa mwaka wa pili umekuwa mgumu? Anayekimbia mtihani Dar es Salaam ataukuta umemtangulia huko aendako, tena kwa lugha ya wageni.

Zamani kijana wa Tanganyika hakuwa na hiari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki chenye kitivo kimoja tu cha sheria, ndani ya jengo la TANU. Aliyetaka udaktari au uinjinia ilimbidi atoke nje ya nchi. Leo tuna Muhimbili kwa udaktari, Sokoine kule Morogoro kwa kilimo, Ardhi kwa majenzi na upimaji, Dodoma kwa masomo mengi, na Kanisa letu lenyewe lina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, tangu mwaka 2007. Kwa mtu mwenye kutaka shahada ya kwanza, mara nyingi anachokitafuta mbali kipo karibu.

Mwalimu Nyerere alisoma kwanza Makerere, kuanzia 1943 hadi 1945. Akarudi, akafundisha shule Tabora. Ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake, akaenda kufundisha Pugu. Alipoondoka alikuwa mtu mzima, mwenye kazi nyuma yake na watu aliowajua. Huu ndio mpango tunaowashauri wengi wenu: malizeni shahada ya kwanza hapa, fanyeni kazi, kisha nendeni kwa shahada ya pili. Ufadhili mwingi ulio mzuri ni wa shahada hiyo ya pili, na aliyefanya kazi hufikiriwa mbele ya asiyefanya.

Lakini tunamsihi sana kijana aliye katikati ya masomo: usikiache chuo chako mwaka wa pili au wa tatu ili ukaanze upya mwaka wa kwanza ng'ambo kwa sababu ya barua ya wakala. Na kama umesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka kwamba deni hilo halifutwi na safari. Litakungoja uwanja wa ndege.

HESABU YA PILI: FEDHA

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi wasogeze viti karibu.

Liko neno moja linalowapendeza wengi, nalo ni "bure". Husemwa kwamba kusoma Ujerumani ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya serikali huko havitozi ada ya masomo, ijapokuwa jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wa nchi kama yetu euro 1,500 kwa muhula. Lakini mwanafunzi hula, hulala na hupanda treni. Kwa sababu hiyo, asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kabla ya kupewa viza kwamba fedha za kuishi mwaka mzima zipo, na njia ya kawaida ni kuziweka katika akaunti iliyofungwa, ambayo humpa kiasi fulani kila mwezi. Mwezi Septemba 2024 kiasi hicho kilipandishwa kikawa euro 11,904 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Tuzihesabu kwa kipimo chetu. Tukisema kilo ya korosho imeuzwa shilingi 3,000, milioni 30 ni kilo 10,000, yaani tani kumi. Ni nyumba ngapi katika mtaa wetu huvuna tani kumi kwa msimu? Na huo ni mwaka mmoja tu, wa masomo yanayoitwa bure.

Uingereza nako ada ni kubwa, na juu ya ada kuna malipo ya matibabu ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, hulipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba viza. Watu husema, "Atafanya kazi huko huko ajilipie." Lakini mwanafunzi wa shahada huko haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Mshahara wa saa 20 utamsaidia chakula, hautalipa ada. Na anayezidisha saa hizo huvunja sheria, akaweza kupoteza viza na masomo pamoja. Tena kwa walioanza masomo tangu Januari 2024, mwanafunzi wa shahada ya pili ya kawaida haruhusiwi kumchukua mke, mume au watoto, isipokuwa yule wa utafiti au aliyefadhiliwa na serikali. Mwenye nyumba changa alijue hilo kabla hajatia sahihi.

Sasa twasema jambo ambalo limetuumiza hapa kwetu. Ada za Ulaya hudaiwa mwezi wa nane na wa tisa. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi. Katika pengo hilo ndipo mnunuzi wa kangomba huingia uani, fedha mkononi, akanunua korosho zikiwa bado maua, kwa nusu ya bei au chini yake. Wengine wameweka rehani mikorosho yenyewe, miti iliyopandwa na babu, ambayo wadogo zake yule kijana nao walikuwa wale na kusomeshwa kwayo. Wazazi, twawasihi: msiweke rehani mikorosho ya watoto watano kwa ajili ya barua ya mtoto mmoja, kabla barua hiyo haijasomwa na mtu aijuaye.

Maana wapo mawakala wa kweli, na wapo wezi. Mwizi utamjua kwa dalili hizi. Anaharakisha: nafasi inafungwa kesho. Anataka fedha kwa njia ya simu, kwa jina la mtu na si la chuo. Hataki uandikie chuo chenyewe. Anaahidi viza, ambayo hutolewa na ubalozi na si na wakala. Tena anaweza kukuambia umepata ufadhili ambao hukuuomba. Ufadhili wa kweli huombwa na mtu mwenyewe, kwa kazi nyingi, na kwa kawaida hauna ada ya maombi. Chevening wa Uingereza, ule wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959, na ule wa DAAD wa Ujerumani, yote ina maelezo yake wazi, na hakuna hata mmoja unaokutaka umtumie mtu fedha kwenye simu yake. Chevening humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda wa miaka miwili, na humfunga kurudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Sharti hilo la kurudi wengine huliona mzigo. Sisi twaliona ni la kheri.

HESABU YA TATU: KARATASI

Kijana anaweza kuwa na akili na fedha, akakwama kwa herufi moja. Wengi wetu huku tuna jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina aliloliandika mwalimu wa darasa la kwanza alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kina jina hili, cheti cha kidato cha nne lile, na pasipoti la tatu. Ofisa wa ubalozi hawezi kujua kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Angalieni mapema vyeti vyote vyenu, mkiwa bado mwaka wa kwanza, na kama majina hayapatani, nendeni kwa wakili mkaapishwe kwa taratibu za sheria. Daftari za ubatizo za mtaa huu zimehifadhiwa, nasi tutawatolea nakala. Lakini msituombe tubadili mwaka wa kuzaliwa. Tumeombwa, na tumekataa.

Kisha ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo mnachokwenda kinatambuliwa, maana ndiyo itakayopima cheti chenu mkirudi. Anayekwenda kusomea udaktari, uuguzi au sheria aulize pia baraza la kazi yake ni mitihani gani itamngoja hapa nyumbani. Miaka sita ya udaktari ni mingi. Si vema kuuliza swali hilo mwaka wa saba.

Na mkifika, jiandikisheni ubalozi wa Tanzania. Vita ilipoanza Ukraine mwezi Februari 2022, na mapigano Khartoum mwezi Aprili 2023, wanafunzi wa Afrika walikuwa katikati yake, vijana wetu wa Tanzania miongoni mwao. Usiku kama huo ubalozi humtafuta kwanza yule ambaye jina lake limeandikwa.

HESABU YA NNE: ROHO

Biblia inatupa mwanafunzi wa ng'ambo, naye ni Danieli. Hakwenda kwa hiari, alichukuliwa. Lakini alipofika Babeli aliandikishwa shuleni kwa miaka mitatu, muda wa shahada nzima. Tuangalie alivyofanya katika sura ile ya kwanza. Lugha ya Wakaldayo aliisoma. Vitabu vyao alivisoma. Hata jina jipya walilompa aliliitikia. Jambo moja alilikataa: chakula cha meza ya mfalme. Na alikwisha kuamua moyoni kabla sahani haijaletwa. Tena alilikataa kwa adabu, akamwomba msimamizi, akapendekeza majaribio ya siku kumi. Mtihani ulipofika, yeye na wenzake watatu waliwapita wote.

Basi, vijana, huko mwendako mtaona mengi mageni, na mengi kati yake hayana dhambi. Kuleni vyakula vyao, jifunzeni lugha yao, fuateni saa yao. Ila kila mmoja ajue kabla ya kuondoka ni lipi lile moja ambalo hataliacha. Anayengoja sahani iletwe ndipo aamue, hula.

Mtapatwa na upweke. Mwezi Desemba huko Edinburgh jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mtu aliyekulia kwenye jua la Mtwara huona kama kwamba Mungu amefunga mlango. Huo si udhaifu wa imani. Ni baridi na giza. Tafuteni kanisa juma la kwanza, msingoje mpaka moyo uvunjike. Tutampa kila anayetoka barua ya utambulisho, kama ilivyo desturi ya Kanisa letu, ampe padre wa huko. Na asipowaamkia mtu mlangoni, msikasirike mkarudi bwenini. Watu wa baridi huchelewa kusalimia. Nendeni tena Jumapili ya pili, na ya tatu, na mjitolee kazi, hata kama ni kupanga viti.

Nabii Yeremia aliwaandikia barua wale waliokuwa Babeli, nayo imo katika sura ya 29 ya kitabu chake. Aliwaambia wajenge, wapande, na wauombee mji ule heri. Mwanafunzi akaaye miaka mitatu na sanduku lililofungwa, akihesabu siku tu, hatapata elimu wala marafiki. Lakini angalieni pia kwamba barua ile ilitoka nyumbani. Yupo mtu aliyekaa Yerusalemu akawaandikia waliokuwa mbali. Na hapa, wapendwa, hatuna budi kuacha kuwaambia vijana, tukajiambia wenyewe.

WALE WALIOKUWA WAKITAZAMA

Miaka kadhaa iliyopita mtaa huu ulimwaga kijana mmoja. Ametupa ruhusa kuyaandika haya, nasi hatutamtaja jina. Aliacha chuo hapa nchini akiwa mwaka wa pili, kwa sababu alipata nafasi katika chuo cha ng'ambo. Siku ya kuondoka tulifanya Misa ya shukrani. Tulitoa mchango, kwaya iliimba, na mmoja wetu alihubiri kwamba sasa mtaa una mtu wake Ulaya. Baba yake alikuwa ameweka rehani mikorosho. Hatukumwuliza hata mmoja: "Mmehesabu?" Tulikuwa tumeshughulika na pilau.

Mwaka wa kwanza simu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilikwenda upande mmoja. Huyu alitaka fedha ya bati, yule ya msiba, mwingine simu mpya. Hata sisi ofisini tulimpelekea salamu pamoja na karatasi ya mchango wa jengo. Hakuna aliyemwuliza anakula nini. Kumbe alikuwa akifanya kazi usiku kupita saa zilizoruhusiwa, ili atutumie, na asubuhi alisinzia darasani. Akashindwa mitihani. Ada ya mwaka wa pili haikupatikana, chuo kikamwondoa. Naye akaona haya kusema. Kwa miezi mingi aliendelea kutuandikia kwamba masomo ni mazuri, na kutuma picha aliyopiga siku za kwanza, amesimama mbele ya maktaba.

Habari zilipofika, mtaa ulifanya kama walivyofanya wale wapita njia katika Luka 14. Tulicheka. Si wote kwa sauti, lakini tulicheka. Walisema amekula fedha za kanisa. Mama yake alihama kiti chake cha siku zote, akakaa nyuma karibu na mlango, akawa anatoka kabla ya baraka asije akasalimiwa. Sisi makasisi tuliona kiti kile kitupu, tukanyamaza. Huo ndio ukweli, nasi twaukiri mbele ya Mungu na mbele yenu.

Alirudi kwa basi la usiku, akashuka kituo kimoja kabla ya chetu ili asionekane, akatembea kwa miguu mpaka kwao. Siku kumi na moja hakutoka ndani. Baba yake ndiye aliyekuja kutuambia. Tulidhani amekuja kulaumu, maana mikorosho ilikuwa imekwenda. Akasema tu: "Padre, mtoto amerudi. Njooni mle nasi." Tulikwenda. Kuku mmoja alichinjwa. Hapakuwa na hotuba.

Wapendwa, tangu siku ile tumelisoma Neno hili kwa namna nyingine. Katika Injili ya Luka, mtu wa mnara yumo sura ya 14. Geuza ukurasa mmoja, na katika sura ya 15 utamkuta kijana aliyekwenda nchi ya mbali, fedha zikamwishia, akaamua kurudi. Na baba aliyemwona angali mbali, akakimbia kumlaki. Huenda tumezoea kuzisoma sura hizi kwa Jumapili mbalimbali, tusione kwamba zinakaa jirani. Yule mwenye mnara usiokwisha alikutana na watu wa kumcheka. Yule mwenye mifuko mitupu alikutana na baba. Hesabu ni kazi ya kijana na wazazi wake, na kila mtu aifanye kwa bidii zote. Lakini hesabu za wanadamu hukosea, hata zilizopigwa vizuri. Zikikosea, ni juu yetu sisi tuliobaki kuchagua tutakuwa watu wa sura gani.

Kijana wetu yule alirudi darasani hapa hapa nchini, akaanza upya, akamaliza. Leo anafundisha hesabu katika shule ya sekondari. Mikorosho ya baba yake haikurudi yote. Mama yake amerudi kwenye kiti chake.

MAMBO TULIYOYAAZIMIA

Kwa hiyo tumeazimia mambo matatu, nasi tunawaomba mtuunge mkono.

La kwanza, wamechaguliwa watu watatu wa mtaa wetu, wawili kati yao wakiwa walimu, ambao watasoma bila malipo barua yoyote ya chuo au ya ufadhili italetwayo kwao, na kuiandikia ofisi ya chuo hicho kuuliza kama ni ya kweli. Mzazi yeyote asiweke rehani wala kuuza kitu kabla hajawaona.

La pili, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi majina ya vijana wetu walio mbali yatatajwa katika Misa, na kila mmoja atapewa jamaa moja hapa ya kumwandikia. Jamaa hiyo imwulize habari zake, imweleze habari za nyumbani, wala isimwombe fedha.

La tatu, kila arudiye, mwenye shahada na asiye nayo, atapokewa mbele ya altare kwa sala ile ile. Hatutauliza mlangoni amekuja na nini.

Nanyi, vijana, kwa upande wenu tunawaomba jambo moja tu: mtuambie kweli. Mkifaulu, tuambieni. Njaa ikiwashika, tuambieni. Mkishindwa, tuambieni mapema, kungali mchana, kabla ya basi la usiku.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyekuwa pamoja na Ibrahimu alipotoka, na Danieli alipokuwa ugenini: uwape vijana wetu moyo wa kuketi na kufikiri kabla ya kuondoka, uwalinde katika njia zao na katika vyumba vyao vya upweke, na utufanye sisi tuliobaki kuwa nyumba ambayo mtu haoni haya kuirudia, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Sisi watumishi wenu katika Bwana,
Makasisi wa Mtaa